Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Injini za MotoGP Kutoka cc 1000 Hadi cc 850

Ukurasa huu ni wa wapenzi wa mbio za pikipiki walioko Nairobi, wakiwemo mafundi na waendesha bodaboda ambao kila Jumapili ya mbio huuliza maswali yaleyale kuhusu injini mpya za MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani. Swali la kipenyo cha silinda limejibiwa kwa kirefu kuliko mengine, kwa sababu kanuni nzima imeegemea hapo ingawa vichwa vya habari vimeshika namba 850 peke yake.

Ni mambo gani hasa yanayobadilika?

Kuanzia msimu wa 2027, ujazo wa juu kabisa wa injini katika daraja la MotoGP unashuka kutoka cc 1000 hadi cc 850, na kipenyo cha silinda, ambacho kikomo chake kilikuwa milimita 81, hakitaruhusiwa kuzidi milimita 75. Idadi ya silinda haijaguswa, kwani ukomo unabaki silinda nne. Petroli ya mbio kuu ya Jumapili inapungua kutoka lita 22 hadi lita 20, na ile ya mbio fupi za Jumamosi kutoka lita 12 hadi lita 11. Uzito wa chini unaokubalika wa pikipiki unatoka kilo 157 na kufika kilo 153. Mwendeshaji aliyekuwa akipewa injini saba kwa msimu atapewa sita, iwapo msimu hauzidi duru 20.

Nje ya injini yenyewe kuna mabadiliko ambayo yanaihusu moja kwa moja, ingawa watu wengi huyasoma kana kwamba ni habari nyingine. Vifaa vya kushusha kimo cha pikipiki vimepigwa marufuku, sehemu ya juu ya ganda la mbele imepunguzwa upana kutoka milimita 600 hadi 550, na idadi ya gia ambazo kiwanda kinaweza kuchagua kutoka kwazo imepungua kutoka 24 hadi 16. Matairi nayo yanatoka mikononi mwa Michelin, waliokuwa wakiyaleta tangu 2016, na kwenda kwa Pirelli.

Nani aliyeamua, na lini?

Kanuni hizi zilitangazwa tarehe 6 Mei 2024, baada ya kukubaliwa na pande nne zinazoketi katika kamati ya Grand Prix: FIM, ambalo ndilo shirikisho la dunia la mchezo wa pikipiki, Dorna, kampuni ya Uhispania iliyomiliki haki za mashindano wakati huo, IRTA, chama cha timu, na MSMA, chama cha viwanda vinavyotengeneza pikipiki. Tangazo lilitolewa karibu miaka mitatu kabla ya injini ya kwanza kuwashwa katika mbio, na hilo si jambo dogo. Kutengeneza injini ya mbio kutoka kwenye karatasi tupu huchukua misimu miwili hivi, na kiwanda kinachopewa taarifa kwa kuchelewa hulazimika kukimbiza kazi kwa gharama ambayo timu ndogo haiwezi kuimudu.

Kwa nini injini zipunguzwe wakati mashabiki wanapenda kasi?

Sababu ya kwanza ni usalama, nayo inaanzia kwenye ardhi. Katika duru ya Italia ya mwaka 2023, mwendeshaji Brad Binder alipimwa akiwa kwenye kasi ya kilomita 366.1 kwa saa katika barabara iliyonyooka ya Mugello. Mwisho wa barabara ile kuna kona, na baada ya kona kuna changarawe, kisha kuna ukuta. Viwanja vingi vilijengwa zamani, vimezungukwa na mashamba ya watu, nyumba au vilima, na haviwezi kusogeza ukuta nyuma kila mara pikipiki zinapoongeza kasi. Mwendeshaji akianguka, umbali anaoteleza hukua haraka kuliko kasi inavyokua, kwa sababu nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Nyongeza ya asilimia kumi ya kasi huleta nyongeza ya asilimia ishirini na moja ya nguvu inayotakiwa kumalizwa na changarawe kabla ya ukuta.

Sababu ya pili ni mbio zenyewe. Pikipiki za miaka ya karibuni zimevalishwa mabawa yanayozikandamiza chini, na hewa iliyochafuka nyuma ya pikipiki moja humnyima anayeifuata breki nzuri na kulipasha moto tairi lake la mbele hadi presha yake inapanda. Kwa hiyo mwendeshaji aliye na kasi zaidi hujikuta amekwama nyuma ya mwenzake. Wanaolalamika Nairobi kwamba mbio za Jumapili wakati mwingine hufanana na msafara wana haki ya kulalamika, na kanuni za 2027 zimekusudia kuligusa hilo pia.

Je, cc 850 zitakuwa polepole kweli? Tuliambiwa hivyo mwaka 2007.

Swali hili ni la haki kabisa. Mwaka 2007 ujazo ulipunguzwa kutoka cc 990 hadi cc 800, petroli ikapunguzwa hadi lita 21, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba kasi ingepungua. Katika barabara iliyonyooka ilipungua kwa muda mfupi. Katika kona iliongezeka, kwa sababu injini ndogo yenye vyuma vyepesi vinavyozunguka ndani yake huifanya pikipiki igeuke kwa wepesi zaidi, na waendeshaji wakaingia kona wakiwa na kasi kubwa kuliko awali. Rekodi za raundi zilivunjwa katika viwanja kadhaa na zile pikipiki ambazo zilipaswa kuwa polepole.

Jambo la pili lililotokea ni baya zaidi. Kwa kuwa hapakuwa na kikomo cha kipenyo, viwanda vilitanua silinda, vikafupisha safari ya pistoni, na injini zikaanza kuzunguka karibu mara 19,000 kwa dakika. Nguvu iliyopotea kwa kupunguza ujazo ilitafutwa kwenye mizunguko. Injini za namna hiyo hazina nguvu chini wala katikati. Nguvu yote imekaa juu kabisa, na ili mwanadamu aweze kuitumia bila kurushwa, kompyuta ilibidi ichukue kazi nyingi ambazo awali zilifanywa na mkono wa kulia wa mwendeshaji. Viwanda vilivyojua elektroniki vilifaidika. Vingine vilishindwa kulipa, na kufikia 2011 idadi ya pikipiki kwenye mstari wa kuanzia ilikuwa imepungua hadi kutia wasiwasi. Mwaka 2012 ujazo ukapandishwa hadi cc 1000, na ndipo kikomo cha milimita 81 kilipowekwa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo jibu ni kwamba ujazo peke yake haupunguzi kasi. Tofauti ya safari hii ni kwamba ujazo umefungwa pamoja na kipenyo, mafuta, mabawa na vifaa vya kushusha kimo.

Kipenyo cha silinda kina umuhimu gani, ikiwa ujazo tayari umepunguzwa?

Ujazo wa silinda ni eneo la uso wa pistoni likizidishwa kwa safari ya pistoni kutoka chini hadi juu. Anayejua kipenyo na ujazo anaweza kuipata safari kwa kikokotoo cha simu, na ni hesabu ambayo kila fundi angefaa kuifanya mwenyewe mara moja.

Tuanze na pikipiki ambayo hakuna asiyeijua Nairobi. Bajaj Boxer 150 ina ujazo wa cc 144.8, kipenyo cha silinda yake ni milimita 56 na safari ya pistoni ni milimita 58.8. Safari ni ndefu kuliko kipenyo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoifanya ivute vizuri ikiwa imebeba abiria na mzigo kwenye mwinuko, bila injini kupiga kelele. Injini ya MotoGP imejengwa kinyume cha hapo. Ukigawa cc 1000 kwa silinda nne unapata cc 250 kwa kila silinda, na kwa kipenyo cha milimita 81 safari inakuwa takriban milimita 48.5. Yaani pistoni iliyo pana zaidi kuliko ya Boxer kwa milimita 25 inasafiri umbali mfupi kwa zaidi ya sentimita moja.

Safari fupi ina faida kubwa kwa anayetafuta nguvu. Pistoni hupanda na kushuka mara moja katika kila mzunguko wa krankishafti, na kila ikifika mwisho wa safari husimama kabisa kabla ya kurudi. Vyuma vina ukomo wa kustahimili mvutano huo. Boxer ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, kasi ya wastani ya pistoni yake ni kama mita 14.7 kwa sekunde. Injini ya cc 1000 ya MotoGP ikizunguka mara 18,000, kasi hiyo ni kama mita 29 kwa sekunde, na hapo konrodi, pini na pistoni vimekaribia mahali ambapo fundi mwenye busara hathubutu kupita.

Sasa tuseme ujazo ungeshushwa hadi cc 850 na kipenyo kingeachwa kwenye milimita 81. Kila silinda ingekuwa na cc 212.5, na safari ya pistoni ingekuwa milimita 41.2 tu. Kwa kasi ileile ya pistoni ya mita 29 kwa sekunde, injini ingeweza kuzunguka mara 21,000 kwa dakika. Mizunguko imeongezeka kwa kiasi kilekile ambacho ujazo umepungua, na nguvu imerudi karibu yote. Viwanda vingekuwa vimetumia fedha nyingi, springi za valvu na bearingi vingekuwa vimebuniwa upya, na mwisho wa barabara ya Mugello kasi ingekuwa karibu na ileile. Huo ndio mwaka 2007 ukirudiwa.

Kwa kipenyo cha milimita 75, safari ya pistoni katika injini ya cc 850 inakuwa milimita 48.1. Linganisha na zile 48.5 za injini ya zamani. Zinakaribiana kiasi kwamba injini mpya haiwezi kuzunguka kwa kasi kubwa kuliko ya zamani bila kuvuka ukomo uleule wa vyuma. Uso wa pistoni umepungua kwa asilimia 14, nafasi ya valvu imepungua nao, na mizunguko imebaki palepale. Nguvu iliyopunguzwa haina mlango rahisi wa kurudia. Ikiwa injini ya cc 1000 inatoa nguvu za farasi karibu 300, hesabu tupu ya uwiano wa ujazo inatupa farasi kama 255 kwa injini ya cc 850, na hata wahandisi wakikwangua farasi kadhaa hapa na pale, kazi hiyo itawachukua miaka. Kwa maoni yetu, milimita 75 ndiyo namba muhimu kuliko zote katika kanuni hizi.

Si rahisi zaidi kuweka kikomo cha mizunguko kwenye kompyuta?

Ni rahisi, na kuna madaraja yanayofanya hivyo. Moto3, daraja la injini ndogo katika mashindano hayohayo, ina kikomo cha mizunguko 13,500 kwa dakika. Katika mashindano ya dunia ya Superbike, ambako pikipiki zinatokana na zile zinazouzwa madukani, kikomo cha kila aina ya pikipiki kimewahi kusogezwa juu au chini msimu ukiendelea. Mwaka 2019 Ducati walipunguziwa mizunguko 250 baada ya pikipiki yao mpya kuanza msimu kwa ushindi mfululizo.

Mfano huo wa 2019 unaonyesha udhaifu wa njia hiyo. Kikomo cha kompyuta husogezwa na kamati, na kila kinaposogezwa huleta mabishano kuhusu aliyependelewa. Kikomo cha kipenyo hakimjui mtu. Kinapimwa kwa kifaa cha kupimia silinda, kinafanana kwa wote, na kila kiwanda kinabaki huru kutafuta nguvu kwa akili yake. Tangu 2016 pikipiki zote za MotoGP hutumia kompyuta moja na programu moja, kwa hiyo kikomo cha mizunguko kingewezekana kiufundi. Kilichokosekana ni utashi wa viwanda, ambavyo huingia daraja hili hasa ili kuonyesha ufundi wao wa injini.

Vifaa vya kushusha kimo vinahusiana vipi na injini?

Vinahusiana sana. Pikipiki inapotoka kwenye kona na mwendeshaji akafungua mafuta, gurudumu la mbele hutaka kuinuka. Likiinuka, kompyuta au mwendeshaji hupunguza nguvu, na sehemu ya farasi wale 300 inabaki bila kazi. Waliobuni vifaa hivi, Ducati wakiwa mbele, walitambua kwamba pikipiki ikishushwa upande wa nyuma kwa sekunde chache wakati wa kutoka kwenye kona, uzito wake unakaa chini, gurudumu la mbele linabaki ardhini, na nguvu ambayo awali haikutumika sasa inatumika. Kifaa cha kushusha mbele katikati ya mbio kilikatazwa kuanzia 2023, lakini cha nyuma kiliendelea.

Kuviondoa vyote ni sawa na kuondoa nguvu nyingine bila kuigusa injini. Pia kunarudisha kazi mikononi mwa mwendeshaji, ambaye atalazimika kuusukuma mwili mbele, kukanyaga breki ya nyuma kwa kiasi, na kufungua mafuta kwa kipimo. Kwa mtazamaji huu ni utajiri, kwa kuwa tofauti kati ya mwendeshaji hodari na wa kawaida itaonekana tena kwa macho kila pikipiki inapotoka kwenye kona.

Injini za cc 1000 zilizopo zinaweza kupunguzwa zikatumika?

Hapana, si kwa njia yenye maana. Kupunguza ujazo kwa kufupisha safari ya pistoni pekee kungeacha kipenyo cha milimita 81, ambacho sasa ni kinyume cha kanuni. Kipenyo kikipungua, bloku ni mpya, pistoni ni mpya, valvu ni ndogo zaidi, na kichwa cha silinda lazima kichorwe upya kwa sababu umbo la chumba cha mwako limebadilika. Injini ikiwa nyembamba, fremu nayo hubadilika, kwani injini ni sehemu ya mifupa ya pikipiki. Hii ndiyo sababu maendeleo ya injini za zamani yalifungwa mapema kwa viwanda visivyo na nafuu maalumu (tunazieleza katika swali linalofuata), ili wahandisi waelekeze fedha na muda kwenye injini mpya badala ya kujenga mbili kwa pamoja.

Kiwanda gani kitanufaika?

Hakuna anayeweza kusema kwa hakika, na historia inawaonya wanaobashiri kwa sauti kubwa. Mwaka 2002, injini za mipigo minne zilipoingia, Honda walikuja na injini ya silinda tano ambayo hakuna aliyeitarajia, na Valentino Rossi akachukua ubingwa akiwa ameshinda mbio 11 kati ya 16. Mwaka 2007 Honda waliingia na injini ya cc 800 iliyojengwa kuwa ndogo na nyepesi, huku Ducati wakitafuta nguvu bila aibu. Casey Stoner akashinda mbio 10 kati ya 18 na kuipa Ducati ubingwa wake wa kwanza wa MotoGP. Mara zote mbili alishinda aliyesoma kanuni kwa makini na kuona kile ambacho wenzake hawakukiona.

Viwanda vyote vinaanza 2027 vikiwa katika kundi moja la nafuu, yaani kundi B, bila kujali matokeo ya miaka iliyotangulia. Nafuu hizi hupanga siku za majaribio, idadi ya matairi ya majaribio na uhuru wa kubadilisha vipuri, na anayefanya vibaya hupewa zaidi. Tunaona kuwaanzisha wote mahali pamoja ni uamuzi wa haki. Kiwanda kilichokuwa nyuma na injini ya zamani hakina sababu ya kupewa mkono wa ziada kabla injini mpya haijaonyesha udhaifu wowote, na kile kilichotawala hakina sababu ya kuadhibiwa kwa ushindi wa pikipiki ambayo haipo tena.

Petroli isiyotokana na visima ni petroli gani?

Ni mafuta yanayotengenezwa ama kwa mimea isiyo chakula na takataka, ama maabarani kwa kutumia kaboni iliyonaswa. Tangu 2024 asilimia 40 ya mafuta ya MotoGP ilitakiwa kutoka huko, na mwaka 2027 yote. Injini haihitaji kuwa ya aina nyingine ili kuyachoma, kwani viambato vyake vinafanana na vya petroli ya kawaida. Hayauzwi katika vituo vya mafuta vya Nairobi na hayatarajiwi kushusha bei ya pampu hivi karibuni.

Kinachotatiza wahandisi zaidi ni kiasi chake. Mbio nyingi huwa na urefu wa kilomita 100 hadi 130, na lita 20 zinamaanisha kwamba pikipiki lazima iende kilomita tano hadi sita na nusu kwa kila lita huku ikikimbizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Injini inayomwaga mafuta ili kupata nguvu itazimika kabla ya bendera, au kompyuta itaibana katika raundi za mwisho. Kwa hiyo lita mbili zilizoondolewa ni kufuli nyingine juu ya nguvu.

Wakaguzi wanajuaje kwamba kiwanda hakidanganyi?

Injini hufungwa kwa lakiri kabla ya kutumika, na timu haiwezi kufungua sehemu za ndani bila lakiri hiyo kuonekana imevunjwa. Kipenyo na safari ya pistoni ni vitu vya kupimwa kwa mkono injini ikifunguliwa mbele ya mkaguzi. Mwendeshaji aliyemaliza idadi yake ya injini na kuhitaji nyingine huanza mbio kutoka kwenye njia ya gereji, wenzake wakiwa wameshaondoka.

Mbona wasirudishe zile za mipigo miwili za cc 500?

Wengi waliokua wakiona pikipiki za kuchanganya oili na petroli, zilizoacha moshi wa buluu nyuma yake, huuliza hivi kwa mapenzi ya dhati. Injini ya mipigo miwili huwaka mara moja katika kila mzunguko wa krankishafti, wakati ile ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ndiyo sababu mwaka 2002 injini za mipigo minne zilipewa cc 990 dhidi ya cc 500 za mipigo miwili, na hata hivyo zilizidi kwa nguvu na kwa urahisi wa kuendeshwa. Daraja la cc 250 lilifuata mkondo huo mwaka 2010 likawa Moto2, ambalo tangu 2019 linatumia injini ya Triumph ya cc 765 yenye silinda tatu kwa wote. La cc 125 likawa Moto3 mwaka 2012. Viwanda vilikuwa vimeacha kuuza pikipiki za barabarani za mipigo miwili kwa sababu ya sheria za moshi, na havikuona faida ya kugharimia injini ambayo mteja hawezi kuinunua.

Je, kanuni hizi zinagusa mbio zinazofanyika hapa kwetu?

Moja kwa moja, hapana. Motokrosi ya Kenya, iliyo chini ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari na pikipiki nchini, ina madaraja yake kuanzia watoto wa cc 50, 65 na 85 hadi MX2 na MX1, na hakuna hata moja linalofuata ujazo wa MotoGP. Swali lililo nyuma ya kanuni, hata hivyo, ni lilelile. Kupanga cc 125 za mipigo miwili pamoja na cc 250 za mipigo minne, na cc 250 za mipigo miwili pamoja na cc 450 za mipigo minne, ni uamuzi kuhusu usawa wa injini zisizofanana, na ulipofanywa ng'ambo uliziondoa kabisa zile za mipigo miwili katika daraja la juu. Injini ya mipigo minne inavuta kwa upole zaidi na ni rahisi kwa mwendeshaji, lakini siku inapovunjika, valvu, kamshafti na pistoni vyote huagizwa kutoka nje, na gharama yake haifanani na ya kubadilisha pistoni na ringi za cc 125.

Nairobi ina hali yake ya ziada. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Wote hupoteza, kwa hiyo usawa wa mbio hauharibiki, lakini daraja linalopangwa kwa kupima nguvu za farasi lingetoa majibu tofauti Nairobi na pwani. Ujazo na kipenyo havibadiliki kwa mwinuko, na kwa sababu hiyo ni vipimo vinavyofaa zaidi kwa mashindano ya nchi kama yetu.

Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto pikipiki ya daraja la juu zaidi anashauriwa kuwauliza waandaaji, kwa maandishi, kanuni za ujazo za msimu ujao na ule unaofuata kabla ya kulipa ushuru wa forodha. Waandaaji nao wanaombwa kutangaza mabadiliko yoyote ya injini angalau misimu miwili kabla, kwa kuwa pikipiki iliyoagizwa kwa kanuni ya mwaka jana hairudishwi bandarini.